Maswali ya Wasomaji: Kanuni Ina Sharti Lake

Barua za safari hii zimetoka pande mbalimbali za ziwa. Nimeanza na ile ya Ukerewe na nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hupita juu yake bila kuliona.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Nansio, nasoma chuo hapa Mwanza. Nafanya mradi wa programu ya kukata tiketi za kivuko cha visiwani. Tumeagizwa tuandike kwanza maelezo rasmi kwa lugha ya Z, ndipo tuguse kompyuta. Nimeandika kwamba idadi ya abiria haizidi uwezo wa chombo, na kwamba wakipanda watu n basi abiria' = abiria + n. Msimamizi wangu amenirudishia karatasi akiuliza sharti la kuanzia la operesheni hiyo ya kupanda, niliyoiita Panda, ni lipi. Mimi sikuandika sharti lolote, yeye anasema lipo. Pili, kwenye programu nimeweka kwamba dirisha likatae mtu anayeomba tiketi zaidi ya 10 kwa mara moja, ili kuzuia walanguzi. Anasema hapo nimevunja kanuni ya kushusha maelezo kwenda kwenye programu. Nimevunjaje kanuni, wakati nimeongeza ulinzi?
Msomaji, Nansio

Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi kwa yote mawili. Kaa na kalamu na karatasi, tuyafanye pamoja.

Z ilianzishwa na Mfaransa Jean-Raymond Abrial, ikakuzwa Oxford kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu 2002 ina kiwango chake cha kimataifa cha ISO. Ndani yake huandiki amri. Unaandika uhusiano kati ya hali ya kabla na hali ya baada, ukitofautisha majina kwa mkwaju mdogo: abiria ni idadi kabla ya kupanda, abiria' ni idadi baada ya kupanda. Ulipoingiza hali ya kivuko ndani ya Panda, sharti lako la kudumu, kwamba abiria hawazidi uwezo, liliingia mara mbili, moja la kabla na moja la baada:

abiria ≤ uwezo
abiria' ≤ uwezo'
abiria' = abiria + n

Mstari wa pili hukuuandika kwa mkono wako, lugha imekuletea. Humo ndimo lilimo sharti analouliza msimamizi.

Kabla hatujalitoa, nionyeshe mahali ulipoandika kwamba uwezo haubadiliki. Kwa jinsi ulivyoieleza Panda kwenye barua, sipaoni, na hili nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Sharti la kuanzia katika Z ni jibu la swali moja: je, ipo hali ya baada inayotimiza mistari yote kwa pamoja? Kama uwezo' umeachwa huru, jibu ni ndiyo, siku zote. Wakija watu 300 kwenye chombo cha watu 101, maelezo yako yatatafuta uwezo' wa kutosha, yataupata, na yatatulia. Umeandika kivuko kinachokua kwenye karatasi kila watu wanapoongezeka gatini. Sharti la kuanzia limeyeyuka, na hakuna mstari hata mmoja ulioukosea. Kuna mstari uliokosekana. Ongeza:

uwezo' = uwezo

Sasa tuendelee. Tunauliza: ipo abiria' na upo uwezo' ambavyo abiria' = abiria + n, na uwezo' = uwezo, na abiria' ≤ uwezo'? Hapa inatumika kanuni ambayo waandishi wa Z huiita kanuni ya nukta moja. Ukiwa na usemi "ipo x ambayo x = t, na P ni kweli", unaruhusiwa kuliondoa neno "ipo" na kuandika P peke yake, huku t ikikaa kila mahali palipokuwa na x. Ukiitumia kwa uwezo' kisha kwa abiria', kinachobaki ni hiki:

abiria + n ≤ uwezo

Hilo ndilo sharti lako la kuanzia. Halikutungwa na msimamizi, limetoka kwenye karatasi yako kwa kanuni.

Kanuni yenyewe ina sharti lake la matumizi, tena ina mawili. La kwanza, x isitokee ndani ya t. Ukiwa na "ipo x ambayo x = x + 1, na P", huruhusiwi kuweka x + 1 mahali pa x na kuendelea, maana x hiyo haipo kabisa; ungekuwa umegeuza uongo kuwa kitu kinachofanana na ukweli. La pili, t iwe ya aina ileile ya x. Kwa Panda halikusumbui, kwa kuwa namba asilia ukiiongezea namba asilia unapata namba asilia. Fanya zoezi hilohilo kwa Shuka, ambapo abiria' = abiria − n, na sharti hili litakudai: abiria − n lazima iwe namba asilia, yaani n ≤ abiria. Ukilisahau, umeruhusu washuke watu ambao hawakupanda. Wanafunzi wangu huwa nawataka waandike sharti la matumizi pembeni mwa kila hatua, hata linapoonekana la wazi. Wananung'unika, nami siwaachii.

Wewe ni mtu wa Ukerewe. Sina haja ya kukusimulia habari za 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia Ukara ikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hakuna kanuni ya hoja inayosimama gatini na kumzuia mtu asipande. Hiyo ni kazi ya binadamu mwenye mamlaka. Ila wewe umechagua kuandika programu itakayokuwa mkononi mwa binadamu huyo, na mstari huo mfupi, abiria + n ≤ uwezo, ndio kitu kizito kuliko vyote utakavyoandika mwaka huu. Usiuache ujifiche.

Tena jiulize abiria ni nani. Je, ni tiketi zilizokatwa au ni watu walio ndani? Mtoto mgongoni mwa mama yake hana tiketi. MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996, ilikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ungeweza kuthibitisha mbele ya dunia nzima kwamba idadi uliyonayo haivuki uwezo, na idadi hiyo isiwe ya watu walio chomboni. Kanuni zinahusisha programu na maelezo. Uhusiano kati ya maelezo na gati hauthibitishwi kwa alama. Unakwenda Bugolora, unasimama karibu na karani, unaangalia anavyohesabu.

Sasa swali lako la pili, la tiketi 10.

Kanuni ya kushusha maelezo ina vipande viwili. Mahali popote maelezo yanaposema operesheni inaweza kufanyika, programu nayo lazima iweze. Na mahali hapo, chochote programu itakachofanya lazima kiwe kimojawapo cha vilivyoruhusiwa na maelezo. Kwa hiyo sharti la kuanzia unaweza kulilegeza, huwezi kulikaza. Matokeo unaweza kuyakaza, huwezi kuyalegeza. Mwenye boti akiwa amekubaliana nawe kubeba mzigo hadi kilo 500, hawezi siku ya safari kukuletea mwenzake wa kilo 300 na kusema ni yaleyale. Akikuletea wa kilo 700 humlalamikii. Ralph-Johan Back aliliweka wazo hili kwenye hesabu kamili katika tasnifu yake ya Helsinki mwaka 1978, na Carroll Morgan na Joseph Morris wakaliendeleza miaka ya 1980.

Maelezo yako yanasema: wakija watu n, na n wanatosha, wanapanda. Kwaya ya watu 12 inafika, chombo kina nafasi 40. Maelezo yanasema ndiyo, programu yako inasema hapana. Umekaza sharti la kuanzia. Huenda kuzuia walanguzi ni jambo jema, lakini limeamuliwa wapi? Limeingia kimyakimya kwenye programu, na atakayesoma maelezo yako mwakani hataliona. Lipeleke juu kwenye maelezo, waulize wenye kivuko kama wanalitaka, kisha ushuke nalo.

Nikuonye jambo moja kabla hujakwenda kubishana na mwenzako aliyesoma Event-B, lugha nyingine ya kuandika maelezo rasmi. Yeye atakwambia kwamba kwake kukaza kunaruhusiwa, na atakuwa sahihi. Katika Event-B, ambayo nayo ni kazi ya Abrial, kila tukio lina kizuizi, na mfano wa chini, ulio karibu zaidi na programu, unaruhusiwa kuwa na kizuizi kikali kuliko wa juu. Kizuizi pale kina maana kwamba tukio halitokei mpaka kifunguke. Sharti la kuanzia katika Z mnayofundishwa lina maana kwamba likitimia tukio linaahidiwa. Kwa kuwa kukaza kunaruhusiwa, mtu wa Event-B analazimika kuthibitisha pembeni kwamba mfumo haujakwama, yaani daima lipo tukio moja angalau linaloweza kutokea. Hivyo unapoichukua kanuni kutoka kwa jirani, chukua pamoja nayo lugha ilikozaliwa, la sivyo utajiruhusu kitu ambacho lugha yako inakataza.

Na bado hujamaliza. Nje ya sharti la kuanzia, Z ya darasani haiahidi kitu. Maana yake ni kwamba chombo kikijaa, programu inayoendelea kukata tiketi haijavunja maelezo yako hata kidogo, kwa kuwa maelezo yamenyamaza. Mimi siwezi kukubali kunyamaza hapo. Andika operesheni ya pili, Imejaa, inayotumika pale abiria + n > uwezo, inayosema abiria' = abiria na uwezo' = uwezo, na jibu kwa karani ni "chombo kimejaa". Kisha ziunganishe: Panda au Imejaa. Sharti la kuanzia la "A au B" ni sharti la A au sharti la B, kwa hiyo hapa linakuwa kweli daima: programu ina jibu kwa kila ombi. Usiitumie njia hiyo ya mkato kwenye "A na B". Kila moja peke yake inaweza kuwa na hali ya baada inayoifaa, na zikawa hali mbili zisizokutana. Ukiunganisha kwa "na", rudi mwanzo ukokotoe upya.

BARUA YA PILI

Habari za kazi, Mwalimu. Naandika programu kwa ajili ya wafanyabiashara wa dagaa Mwaloni Kirumba. Inajumlisha uzito wa magunia yaliyopita kwenye mizani. Fanksheni ya kwanza ilikuwa inajiita yenyewe, na orodha ikiwa ndefu ilikuwa inakwama. Nikaigeuza kwa kanuni za kukunja na kukunjua nilizosoma, nikapata nyingine isiyokwama. Nimekagua kila hatua. Lakini jumla mpya inatofautiana na ya zamani kwenye desimali za mwisho, na mhasibu amekataa kuipokea. Hatua gani ni mbovu?
Msomaji, Kirumba

Nzuri, kaka. Nakupongeza kwa kuigeuza fanksheni kwa kanuni badala ya kubahatisha. Barua yako haikuambatana na hatua zenyewe, lakini njia ya kufika unakotaka inajulikana, basi naiandika na utalinganisha na yako.

Ulikuwa na hii, ambapo x ni kitu cha kwanza cha orodha na baki ni vinavyofuata:

jumla(tupu) = 0
jumla(x : baki) = x + jumla(baki)

Ukabuni nyingine yenye mfuko wa kubebea jumla, k:

jumlisha(o, k) = jumla(o) + k

Orodha ikiwa tupu, jumlisha(tupu, k) ni k. Ikiwa na kitu:

jumlisha(x : baki, k)
= jumla(x : baki) + k
= (x + jumla(baki)) + k
= jumla(baki) + (x + k)
= jumlisha(baki, x + k)

Mstari wa pili umetokana na ufafanuzi, wa tatu umekunjua jumla, yaani umeweka mwili wake mahali pa jina lake, wa tano umekunja na kurudi kwenye jina jipya. Ndiyo njia ya Rod Burstall na John Darlington wa Edinburgh, waliyoichapisha mwaka 1977: kubuni jina, kukunjua, kutumia sheria za hesabu, kukunja. Mistari hiyo haina tatizo.

Tazama wa nne. Pale umehamisha mabano. Umetumia sheria kwamba (a + b) + c ni sawa na a + (b + c), ambayo tumeizoea tangu shule ya msingi hata hatuhisi kwamba ni sheria. Sharti lake la matumizi ni kwamba a, b na c ziwe namba ambazo sheria hiyo inashika. Namba kamili inashika. Namba za desimali zinavyohifadhiwa kwenye kompyuta, kwa kiwango cha IEEE 754, haishiki. Jaribu mwenyewe kwa namba za biti 64: (0.1 + 0.2) + 0.3 inakupa 0.6000000000000001, na 0.1 + (0.2 + 0.3) inakupa 0.6. Kubadilishana nafasi, a + b kuwa b + a, hakuna shida. Mabano ndiyo yanayobeba tatizo, kwa sababu kila kujumlisha kunakata desimali zisizotosha, na mpangilio ukibadilika kinachokatwa kinabadilika.

Kwa hiyo hesabu yako ya zamani nayo haikuwa sahihi zaidi kuliko mpya. Kila moja imekata mahali pake. Mhasibu ana haki ya kukataa. Usimpe jibu la kuficha desimali. Hifadhi uzito kwa gramu, namba kamili, tangu unapousoma kwenye mizani, na kilo uzionyeshe mwishoni tu kwenye risiti. Hapo mstari wa nne unakuwa halali, na fanksheni mbili zitakupa jumla ileile hadi gramu ya mwisho. Tumia namba za biti 64. Za biti 32 zinaishia 2,147,483,647, ambazo kwa gramu ni kama tani 2,147, na kwa mwalo kama wa Kirumba sitaki kukuhakikishia kwamba hutazifikia siku moja.

Kuna jambo ambalo hukuuliza lakini ni la kanuni hizohizo. Kukunja na kukunjua kunalinda majibu, hakulindi kumalizika. Mtu anaweza kukunjua f(x), akaona mwili wake, kisha akaukunja mwili uleule kurudi kwenye jina, akapata f(x) = f(x). Kila hatua ni halali. Programu iliyopatikana haimaliziki milele. Kwa hiyo kila unapokunja, angalia kuna kitu kimepungua: kwako ni orodha, maana baki ni fupi kuliko x : baki. Andika hilo pembeni pia.

BARUA YA TATU

Mwalimu, mimi ni mzee wa umri, nina duka la vipuri vya injini za boti hapa mjini. Nimemwajiri kijana aniandikie programu ya stoo na madeni. Siku zinakwenda anaandika alama kwenye karatasi, anasema anathibitisha. Kwa nini asiandike programu akaijaribu, tukaona kama inafanya kazi? Namlipa kwa ajili ya nini?
Msomaji, Mwanza mjini

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, fedha ni yako. Mwambie akuonyeshe anathibitisha nini. Kama anathibitisha rangi za skrini na mpangilio wa ripoti, msimamishe leo. Kama anathibitisha kwamba stoo haiwezi kwenda chini ya sifuri, na kwamba deni la mteja haliwezi kufutika bila malipo kuandikwa mahali, mwache amalize, na umlipe vizuri.

Majaribio yanaonyesha programu inavyofanya kwa mifano uliyoijaribu. Uthibitisho unasema inavyofanya kwa kila hali inayotimiza sharti, hata ile ambayo hakuna aliyeifikiria. Na faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba unamlazimisha mtu aliandike hilo sharti. Roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliruka mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 na ikaharibika angani kabla ya dakika moja kuisha. Kipande cha programu kilichohusika kilichukuliwa kutoka Ariane 4. Kilikuwa kinageuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Kwa njia ambayo Ariane 4 ilipita angani, namba hiyo haikuwahi kuwa kubwa kiasi hicho. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi ya mlalo, namba ikapita kikomo. Kipande kilikuwa na sharti la kuanzia, kilifanya kazi miaka yote sharti likitimia, na kilipohamishwa sharti halikuhamishwa nacho.

Upande wa pili upo pia. Njia ya treni namba 14 ya mjini Paris ilifunguliwa mwaka 1998, treni zinakwenda bila dereva. Sehemu ya programu inayohusu usalama iliandikwa kwa njia ya B: maelezo juu, yakashushwa hatua kwa hatua, kila hatua ikithibitishwa, hadi kufikia zaidi ya mistari 80,000 ya lugha ya Ada. Hawakuthibitisha mfumo wote. Walichagua ile sehemu ambayo kosa lake linaua mtu.

Dukani kwako kosa haliui, lakini linamaliza mtaji. Kaa na kijana wako, mzee, mchague pamoja. Na majaribio bado ayafanye: mizani, printa na simu za wateja haziko ndani ya uthibitisho wake.

BARUA YA NNE

Dada, mimi najifunza peke yangu, nina laptop ya kawaida na bando haitoshi. Nianze na zana ipi ya kukagua maelezo niliyoandika? Na je, nikiwa nayo bado nina haja ya kanuni za mkononi?
Msomaji, Sengerema

Anza na Alloy, iliyoanzishwa na Daniel Jackson wa MIT. Ni ya bure, ni faili moja unalolipakua mara moja, linahitaji Java tu, na baada ya hapo huhitaji intaneti. Unaandika maelezo kwa lugha inayokaribiana na Z, unadai jambo, nayo inatafuta mfano unaolipinga na kukuchorea. Inatafuta ndani ya wigo unaoutaja wewe, kwa mfano vitu visivyozidi vitano vya kila aina. Ikikuletea mfano wa kupinga, dai lako limekufa. Isipokuletea, umejua habari za wigo huo tu; kilichoko nje yake bado hakijaguswa.

Ukishaizoea, nenda Rodin ya Event-B, nayo ni ya bure. Rodin inakuorodheshea kila kitu kinachodai kuthibitishwa, inajithibitishia inavyoweza, na vilivyobaki inakuachia. Hapo ndipo kanuni za mkononi zinapohitajika. Kilichobaki mara nyingi kimebaki kwa sababu kuna sharti hukuliandika, na mashine haiwezi kukuambia ni lipi. Unafungua daftari, unakokotoa mstari kwa mstari mpaka ulione, unarudi kuliandika.

Kama bando ni tatizo kubwa, njoo nayo laptop yako Mwanza na uniandikie mapema kupitia gazeti. Faili zote ninazo kwenye flashi.